Wangeshinda, Wangalishinda

Kasha iko juu, upande wa Bagira, pale ambapo mji wa Bukavu unaanza kusahau kwamba ni mji. Migomba imeegemea nyumba, maharage yamepandwa kwenye miteremko inayomchosha hata mbuzi, na mvua ikinyesha njia za udongo hugeuka sabuni. Jioni moja, sala ya shirika ilikuwa imekwisha lakini viti vya plastiki havijarudishwa ndani, ubishi ukazuka juu ya mwaka 1964. Kijana aliyemaliza sekondari alitaka kuelewa kitu kimoja: waasi walioitwa Simba waliteka karibu nusu ya Kongo kwa miezi michache, iweje wakwame hapa Bukavu?

Mzee mmoja, ambaye mwaka ule alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, alimjibu kwa kifupi.

“Mutoto yangu, risasi zilikuwa maji mpaka siku zilikataa kuwa maji.”

Watu wakacheka. Kijana hakucheka. “Sawa, Muzee. Lakini wangeweza kushinda, ao hawangeweza?”

Hapo ndipo sala ilipoanza upya kwa namna nyingine, maana swali hilo si la askari peke yao. Kiswahili chenyewe kimelitengea viambishi viwili. Walimu wa sarufi hufundisha kwamba “wangeshinda” huacha mlango wazi: jambo halijawa, bado laweza kuwa. “Wangalishinda” huufunga: nafasi ilikuwapo, imepita, sasa ni kuhesabu hasara tu. Mitaani watu huvichanganya na walimu hukata tamaa, lakini tofauti yenyewe ni nzito kuliko alama za mtihani. Anayedai kwamba upande dhaifu ungalishinda vita anadai kwamba kulikuwa na mlango. Anayesema haukuweza kamwe anadai kwamba pale palikuwa ukuta tangu mwanzo, na waliokufa wakiusukuma walikufa wakisukuma ukuta.

Basi yafaa kutazama kama palikuwa na mlango.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Patrice Lumumba aliuawa Januari 17 mwaka uliofuata. Wafuasi wake waliokimbilia Brazzaville waliunda baraza la ukombozi mwaka 1963, na mapema mwaka 1964 Pierre Mulele alianza vita yake Kwilu, huku Gaston Soumialot akipelekwa Bujumbura kuiwasha mashariki. Aprili, Bafulero wa uwanda wa Ruzizi waliinuka. Mei, Uvira ikaanguka. Juni ikawa zamu ya Albertville, ambayo leo ni Kalemie; Julai, Kindu; na mapema Agosti, Stanleyville, mji wa tatu wa nchi, uliojaa silaha ambazo jeshi la taifa liliziacha likikimbia. Wanajeshi wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamefunga virago tarehe 30 Juni, kama waliopanga kutoshuhudia.

Sasa katika orodha hiyo, mnyonge ni nani? Jeshi la taifa lilikuwa na malori, bunduki za rashasha na mishahara, japo mishahara hiyo ilichelewa. Simba wengi walikuwa vijana wenye mikuki, mapanga na matawi. Lakini mara nyingi askari walitoka mjini kabla Simba hawajaonekana. Ukihesabu bunduki, Simba ndio wanyonge. Ukihesabu migongo iliyogeuka, hesabu inapinduka. Neno “dhaifu”, ambalo kila mchambuzi wa vita hulitumia kana kwamba limepimwa kwenye mizani ya soko, linataka kuulizwa kwanza: dhaifu kwa nini, na lini?

Nguvu ya Simba ilikuwa dawa. Mganga alimchanja mpiganaji chale ndogo kwenye paji la uso na kifuani, akapaka unga wa dawa kwenye damu, akamnyunyizia maji. Tangu hapo risasi za adui zingekuwa maji, mradi apige kelele ya “Mai Mulele” na ashike miiko. Miiko ilikuwa mikali: usiibe, usilale na mwanamke, usiguswe na asiyepata dawa, usigeuke nyuma vitani, usijifiche. Ukiitazama kwa macho ya kamanda, hiyo ni nidhamu ya jeshi iliyovalishwa vazi la mganga, kwa sababu kijana asiyeiba, asiyebaka na asiyegeuka nyuma ni askari ambaye serikali ya Léopoldville, Kinshasa ya leo, haikuwa naye. Na zaidi ya hapo, askari wa upande wa pili nao waliiamini dawa. Ilifanya kazi hasa kwa sababu aliyepaswa kupiga risasi alikuwa na hakika kwamba risasi yake haina maana.

Hata hivyo imani hiyo ilikuwa na tundu. Mpiganaji akifa, jibu lilikuwa tayari: amevunja mwiko. Aliiba, aliogopa, aligusa mwanamke. Dawa haikushindwa kamwe. Watu ndio walioshindwa na dawa. Che Guevara, daktari wa Argentina aliyekuja kupigana milima ya Fizi mwaka uliofuata, aliliona jambo hili na kuliandika kwa uchungu: kwa kuwa maiti hawezi kujitetea, na hakuna aliye hai anayekiri kwamba aliogopa, hakuna kipigo kinachoweza kuisuta dawa.

Katikati ya Agosti 1964 Simba wakaja Bukavu. Tarehe 19 na 20 walipigana ndani ya mji. Kamanda wa upande wa serikali alikuwa Kanali Léonard Mulamba, na alichofanya ni kitu rahisi sana kukiandika na kigumu sana kukitenda: hakukimbia. Askari wake, wakiona mkubwa wao yuko nao, nao wakakaa. Waliongezewa nguvu, na juu zilipita ndege za T-28 zilizorushwa na marubani Wakuba, wakimbizi waliompinga Castro, walioajiriwa na Marekani. Risasi zikapigwa, na zikaua. Simba wakarudi nyuma, na kurudi nyuma kwenyewe kulikuwa kuvunja mwiko. Mwaka uliofuata Mulamba alikuwa waziri mkuu.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa vilima hivi hawalisahau. Vita hii mashariki ilisimama juu ya mabega ya Bafulero na Babembe. Bashi wengi, wenye nchi inayouzunguka mji, hawakuinuka. Ukisema “upande wa wanyonge”, unamtia nani humo? Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1861 hadi 1865, Kaskazini ilikuwa na watu kama milioni 22 na Kusini kama milioni 9. Hadi leo wako wanaopiga hesabu jinsi Kusini, iliyo dhaifu, ingalishinda: kama jemadari fulani asingalikufa, kama siku ya tatu ya Gettysburg ingalikwenda vingine. Mara nyingi wanasahau kwamba kama milioni tatu na nusu kati ya hao milioni 9 walikuwa watumwa. Hao walihesabiwa upande ambao kushindwa kwake kulikuwa uhuru wao, na wanaume weusi wapatao 180,000 waliingia jeshi la Kaskazini, wengi wao wametoka Kusini hukohuko. Upande unaomhesabu adui wake kuwa wake umeshakosea hesabu kabla ya risasi ya kwanza. Huko Stanleyville, Simba waliwaua hadharani, mbele ya mnara wa Lumumba, makarani, wakubwa wa serikali na watu waliosoma. Walikuwa wanyonge dhidi ya Ubelgiji na Marekani. Hawakuwa wanyonge dhidi ya karani. Udhaifu si cheti cha haki, ingawa mahubiri mengi hulitia shaka jambo hilo.

Na mahubiri ndiyo chanzo cha ubishi wa Kasha. Mkristo wa Bukavu amelelewa na Daudi na Goliathi. Mwislamu wa Kasongo au Kigoma anajua Taluti na Jaluti. Wote wawili wanajua kwamba kundi dogo laweza kulishinda kubwa Mungu akipenda. Lakini vitabu hivyo hivyo vina kurasa za kushindwa, nazo husomwa kwa haraka. Katika Yoshua sura ya 7, Waisraeli wapata 3,000 wanapanda kuushambulia mji mdogo wa Ai, wanafukuzwa, 36 wanakufa. Sababu? Akani ameiba vitu vilivyowekwa wakfu akavifukia hemani mwake. Mwaka 625, kwenye mlima Uhud, wapiga mishale Waislamu waliamriwa wasitoke mahali pao, wakatoka wakifuata nyara, na ushindi ukageuka msiba.

Msomaji ataona undugu hapo. Akani aliyeiba, na Simba aliyeiba: mwiko umevunjwa, vita imepotea. Mhubiri wa Jumapili na mganga wa Kindu wanafikiri kwa mtindo mmoja, na hilo halimshangazi mtu aliyekulia hapa, ambapo wengi wamekwenda kwa wote wawili.

Ila kitabu cha Yoshua hakiishii sura ya 7. Katika sura ya 8 Yoshua anarudi Ai, na safari hii hategemei utakatifu peke yake. Anatega kikosi cha kuvizia nyuma ya mji usiku, anajifanya kukimbia mpaka watu wa Ai wanatoka wote kumfukuza, kisha mji unawaka moto migongoni mwao. Wahubiri wengi huishia kwa Akani, kwa sababu dhambi inahubirika kuliko mbinu. Na Uhud vilevile: wapiga mishale walikosea kwa tamaa, lakini kosa lenyewe lilikuwa la mahali pa kusimama. Simba walikuwa na sura ya 7 tu. Kila kipigo kiliwafundisha kumtafuta mwenye hatia, hakikuwafundisha kubadilisha njia. Hapa ndipo mwandishi wa makala hii anapouona mlango wao, na kuona nani aliyeufunga.

Yupo msomi wa siasa wa Marekani, Ivan Arreguín-Toft, aliyezipitia vita za tangu mwaka 1800 baina ya wenye nguvu na wanyonge. Alikuta kwamba wenye nguvu walishinda kama mara 7 kati ya 10. Lakini baada ya 1950 wanyonge walishinda zaidi ya nusu. Maelezo yake ni ya kisura-ya-8: mnyonge anayepigana kwa namna ileile ya mkubwa hupondwa; anayeikataa namna hiyo, akajificha, akachelewesha, akachosha, huishi mpaka mkubwa achoke. Mfano uko jirani. Tarehe 6 Februari 1981 Yoweri Museveni na watu wachache waliokuwa na bunduki 27 walishambulia Kabamba nchini Uganda. Januari 1986 waliingia Kampala. Hawakuwa na maji ya kuzuia risasi. Walikuwa na vichaka vya Luwero, wanakijiji waliowalisha, na subira ya miaka mitano.

Hata hivyo si haki kuwalaumu Simba kana kwamba walicheza peke yao. Tarehe 24 Novemba 1964 makomandoo wa Ubelgiji waliruka kwa miavuli juu ya Stanleyville kutoka kwenye ndege za Marekani, huku mamluki na jeshi wakiingia kwa barabara. Hakuna dawa, hakuna mbinu ya kuvizia, iliyokuwa na jibu kwa ndege hizo. Lakini ndege zilipata kisingizio: mamia ya wageni walikuwa wameshikwa mateka. Mlango mwingine uliofungwa kwa mkono wa ndani.

Che alipovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, Aprili 24, 1965, alijipa jina la Kiswahili: Tatu. Wenzake wawili walikuwa Moja na Mbili. Wakuba mia na kitu walimfuata milimani. Juni 29 walishambulia kambi ya Bendera, penye mitambo ya umeme, wakashindwa vibaya. Kiongozi wao wa Kikongo, Laurent-Désiré Kabila, alikuwa zaidi Kigoma na Dar es Salaam. Alipofika mbele ya vita Julai alikaa siku chache akaondoka. Novemba 21 Tatu naye alivuka ziwa kurudi, na baadaye aliandika wazi kwamba alichokuwa anasimulia ni habari ya kushindwa.

Kwa hesabu yoyote ya 1965, mtu aliyesema “Kabila ataingia Kinshasa kama rais” angepelekwa kwa daktari. Aliingia. Muungano wake wa waasi, AFDL, uliundwa Lemera, Oktoba 1996. Uvira ikaanguka tena, Bukavu ikaanguka, na tarehe 17 Mei 1997 wapiganaji walifika Kinshasa. Mtu yule yule, milima ile ile, miaka 32 baadaye. Je, Simba walikuwa wameshinda hatimaye?

Hapa ubishi wa Kasha ulichemka zaidi. Vijana waliona jibu: ndiyo, mnyonge alishinda, ilihitaji subira tu. Wazee walitikisa vichwa. Walikuwa wamewaona walioingia Bukavu mwaka ule, na walijua kwamba nguvu haikutoka Hewa Bora, maskani ya Kabila huko Fizi. Ilitoka Rwanda na Uganda, yenye maafisa, redio na malori. Mnyonge aliyeazima nguvu ya jirani si mnyonge tena, na ushindi wake ni deni. Julai 1998 Kabila alijaribu kuwarudisha kwao wanajeshi wa Rwanda. Agosti 2 vita ya pili ikaanza, na Bukavu ikabadilisha mwenyewe kabla watu hawajajua. Yeye mwenyewe aliuawa Januari 16, 2001.

Swali hili la “-nge-” wanateolojia nao walilibishania. Mjesuiti mmoja wa Hispania, Luis de Molina, alichapisha mwaka 1588 kitabu kinachodai kwamba Mungu anajua si yaliyokuwa na yatakayokuwa tu, bali pia kila ambalo mtu huru angetenda kama angewekwa mahali pengine. Aliutegemea mkasa mdogo wa Samweli wa Kwanza, sura ya 23. Daudi yuko Keila na watu wapata 600. Anamuuliza Mungu: Sauli atakuja? Atakuja. Watu wa Keila watanitia mkononi mwake? Watakutia. Daudi anaondoka, Sauli hakuja, Keila haikumsaliti mtu. Mungu alijibu juu ya jambo ambalo halikutokea kamwe. Wadominiko, wakiongozwa na Domingo Báñez, walipinga: Mungu hangojei kuona mtu angechagua nini, ndiye anayesogeza chaguo lenyewe. Ubishi ulipelekwa Roma mwaka 1598, ukakaa karibu miaka kumi, na mwaka 1607 Papa Paulo V akawarudisha nyumbani bila mshindi, akiwakataza kuitana wazushi. Vita ya wanateolojia nayo ilikataa kuonyesha mnyonge ni nani.

Lakini Keila ina somo ambalo Molina hakulihitaji na watu wa Bukavu wanalihitaji. Daudi aliuliza kabla. “-nge-” yake ilikuwa bado wazi, na aliitumia kwa kutembea. Watu husema “ilikuwa imeandikwa” baada ya mji kuanguka. Hakuna aliyewahi kuisoma hati hiyo siku moja kabla. Mwaka 1964 mji huu haukuanguka ilhali kila ishara ilionyesha utaanguka. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia humu bila vita kubwa mjini, kwa sababu jeshi lenye hesabu kubwa ya watu na bunduki lilikuwa limeshaondoka. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mengi juu ya msaada wa Rwanda kwa M23, na ni kweli. Lakini miguu iliyoondoka ilikuwa ya nyumbani.

Kati ya tarehe hizo mbili iko Oktoba 29, 1996. Wakubwa wa mji walikuwa wamekimbia, na mtu aliyebaki akiwaomba raia watulie wala wasiwachukie majirani zao alikuwa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, mzaliwa wa Walungu. Hakuwa na bunduki. Jioni hiyo gari lake lilisimamishwa Nyawera, akauawa na wanajeshi waliouteka mji. Hakuna jedwali la wenye nguvu na wanyonge linalojua mahali pa kumweka, na waumini hubishana kama yeye alishindwa. Wabishi wa Kasha hawakukubaliana juu ya Simba. Juu yake walinyamaza kidogo.

Kisha mzee akasimulia jambo dogo. Agosti ile ya 1964 baba yake alichimba shimo migombani usiku, la kufichia baiskeli na cherehani Simba wakija. Hawakufika kwenye kilima chao. Shimo likawa la takataka, takataka zikaoza, mgomba ukaota juu yake. Oktoba 1996, wengine walipoanza tena kuficha vitu, alitoka na jembe kulitafuta, akazunguka migomba yote asilipate.

“Ulikuwa mgomba gani, Muzee?” kijana akauliza.

“Ule wenye mkungu mkubwa,” akasema, akanyanyua kiti chake, maana matone yalikuwa yameanza.